Tangi, Kulabu na Mama Mkwe

Tulipoachana, gari la Inspekta Ooko lilikuwa limebakiza urefu wa mtumbwi mmoja tu kuligonga gari la polisi kwa nyuma. Na mbele ya gari la polisi, katikati ya barabara, mwana wa mbuzi alikuwa amepiga magoti ananyonya.

Basi urefu wa mtumbwi huo ukaisha. Likagonga.

Gari la polisi liliruka mbele kama chura aliyekanyagwa mkia asiokuwa nao. Mbuzi na mwanawe waliponea chupuchupu. Gari likalala ubavu wa kushoto kwenye ukingo wa mtaro, likatulia.

Konstebo Nekoye, aliyekuwa kwenye usukani, alisikia mkanda ukimbana kifua. Kisha akasikia kimya. Kisha, ndani ya kile kimya, akaisikia sauti aliyokuwa akiiogopa tangu mwezi uliopita.

Tii. Tii. Tii.

Kwa aliyefungia samaki gazeti la Jumamosi iliyopita kabla ya kulisoma, neno fupi. Gari hili la kituo cha Alaru lina tangi la petroli lililokaa nyuma kabisa, nyuma ya ekseli, jirani na bampa. Hilo peke yake lilimnyima Nekoye raha. Halafu Inspekta Ooko, mkuu wa kituo, akaamuru ichomelewe kulabu ya kuvutia boti ya doria kutoka ziwani. Kulabu ikachomelewa kwa haraka, bolti zake zikaachwa ndefu, zikilielekea tangi kama vidole vya mtu anayeshtaki.

Nekoye alimwambia mkubwa wake kwamba siku watakapogongwa kwa nyuma, bolti zile zitaingia kwenye tangi kama msumari kwenye papai. Ooko alicheka mpaka akashika meza. Alisema gari la polisi haligongwi kwa nyuma, maana hakuna raia mwenye ujasiri huo.

Alisema kweli. Aliyeligonga hakuwa raia. Alikuwa yeye mwenyewe.

Kwa nini mkuu wa kituo alikuwa akiendesha gari lake nyuma ya gari la kituo? Heshima. Kwenye kiti cha nyuma cha gari la polisi alikuwa ameketi Mama Achola, mama mkwe wake, aliyetoka kufanyiwa upasuaji wa macho hospitalini Kisumu. Na huko kwetu ziwani, mtu na mama mkwe wake huheshimiana kwa umbali. Hawapeani mkono, hawaketi kiti kimoja, hawatazamani machoni. Ooko asingeweza kupanda gari moja naye hata kama mvua ingekuwa inanyesha mawe. Basi alimpandisha kwenye gari la serikali, akamfuata nyuma kwa adabu.

Adabu hiyo ndiyo iliyogonga.

Nekoye alitoka mbio akaenda nyuma. Harufu ilimpokea kabla hajafika. Chini ya bampa petroli ilikuwa inadondoka, na mchanga ulikuwa unainywa kwa pupa.

Mlango wa kushoto ulikuwa umebanwa na ukingo. Mlango wa kulia ulikuwa umekunjika kama karatasi ya mandazi. Kwa ndani hakukuwa na vishikio vya kufungulia mlango, kwa sababu hicho ni kiti cha washukiwa. Na kati ya kiti cha mbele na cha nyuma kulikuwa na wavu wa chuma ambao hata paka asingepita.

"Mama, umeumia?"

"Sijaumia, nyathina," alijibu Mama Achola, akimwita mwanangu kwa Kijaluo, kama alivyomwita tangu asubuhi. Sauti yake ilikuwa tulivu. "Ila harufu hii ni ya nini?"

Nekoye alitaka kusema ni ya dawa ya macho. Alitazama uso ule wa upole nyuma ya kioo, akashindwa.

"Ni petroli, Mama."

"Ahsante kwa kuniambia. Sasa fungua mlango."

Nekoye alivuta. Mlango haukusikia. Akaweka mguu ubavuni mwa gari akavuta tena, kishikio kikabaki mkononi mwake.

Wakati huo Inspekta Ooko alikuwa ameshuka kwenye gari lake, ana nundu kwenye paji la uso na simu mkononi. Neno lake la kwanza halikuwa pole. Alitaka kujua kwa nini Nekoye amesimama ghafla bila kuonyesha ishara.

"Kulikuwa na mbuzi ananyonyesha, Afande."

"Mbuzi. Unasimamisha gari la serikali kwa ajili ya mbuzi."

"Zima injini yako, Afande. Halafu uje tuvute huu mlango. Mama amefungiwa."

Ooko alizima. Akapiga hatua kuelekea mlangoni, lakini kabla hajafika aliona kitambaa cha kichwa cha mama mkwe nyuma ya kioo, na shingo yake ikageuka yenyewe kutazama upande wa pili. Ndivyo alivyolelewa. Akabaki amesimama hapo, mwili unaelekea mlangoni na uso unaelekea Uganda.

Na kabla Nekoye hajapata neno la kumwambia, ufuo wa Alaru ukafika.

Walikuja na jerikeni. Walikuja na beseni, ndoo za kukaushia maji mitumbwini, na mmoja alikuja na sufuria ambayo bado ina ukoko wa ugali. Mbele yao alikuwa Frankline, mwenye mtumbwi wa injini, kasia begani na jerikeni mkononi. Si watu wabaya hawa. Mwaka jana Frankline huyo huyo aliacha nyavu zake ziende na maji ili awaokoe wageni ambao boti yao ilipinduka. Lakini kwa mtu wa injini, petroli iliyomwagika ni kama mvua: ni ya mwenye chombo.

"Inadondoka kidogo sana," alisema Frankline akichungulia chini ya gari. "Mwenye panga atupanulie tundu."

Nekoye akawazibia njia. Panga kwenye chuma, cheche moja tu, na Mama Achola hatauona ufuo huu kwa macho yake mapya. Aliwasihi warudi nyuma. Aliwaambia kuna mtu ndani. Walimwambia pole sana dada, watakinga haraka haraka wasimsumbue.

Ooko akapaza sauti ya kituoni. Alisema atawakamata wote, mmoja baada ya mwingine.

"Utatubeba na gari gani, Afande?" akauliza mwenye sufuria, kwa heshima kabisa.

Watu wakacheka. Panga likapatikana. Frankline akalala chali, akaanza kujisukuma chini ya gari.

Ndipo kioo cha mlango wa nyuma kilipoteremka, kiasi cha kiganja kimoja, na sauti ikatoka.

"Frankline. Mnanijua mimi?"

Kicheko kikakatika.

"Mimi ni mama yake mke wa huyu afande wenu. Nimezaa, nimezika, nimelea na wajukuu. Gauni hili nililovaa lina vifungo kuanzia shingoni mpaka magotini. Nimeshika cha kwanza. Atakayekuwa bado yuko hapa nikifika cha mwisho, ataona kitu ambacho mtoto hapaswi kukiona kwa mtu wa umri wa mama yake. Na asije nyumbani kwangu kuniuliza dawa, kwa maana dawa yake haipo."

Hakuna mtu wa ufuoni anayehitaji kuelezwa maneno hayo. Simba ana mkuki wa kumwua na mamba ana risasi yake, lakini mama mzee akivua nguo kwa hasira mbele ya watoto wa rika la wanawe, hiyo ni laana isiyo na daktari. Nyavu zitatoka tupu. Na wajukuu watakaozaliwa wataulizwa babu yao aliona nini.

"Nimefungua kimoja," alisema Mama Achola.

Ufuo ukakimbia. Jerikeni zilibaki zikibingirika, kasia likaachwa, panga likatupwa mtaroni. Frankline alitoka chini ya gari kinyumenyume, macho kayafumba, akakimbia hivyo hivyo mpaka akagonga mgomba. Mwenye sufuria aliivaa kichwani ili aone miguu yake tu.

Na aliyewapita wote, kofia ya kazi mkononi, viatu vya serikali vikipiga vumbi, alikuwa Inspekta Ooko. Maana kwa wale wengine ingekuwa laana. Kwa mkwe ingekuwa shimo lisilo na chini.

Nekoye alibaki peke yake na mbuzi.

"Mama," alisema, akihema, "umewafukuza wote. Na yule wa kukutoa pia."

Kitambaa cha kichwa kiligeuka kushoto, kikageuka kulia.

"Yawa, jamani," alisema Mama Achola. "Huyo nilimsahau."

Nekoye akacheka, na papo hapo machozi yakamtoka, maana ile tii tii haikuwa tii tii tena. Ilikuwa mchirizi mwembamba kama mkia wa panya, unateremka polepole kuelekea gari la Ooko, na injini ya gari lile ilikuwa bado ya moto. Aliuzuia kwa mchanga kwa mikono yake. Mchirizi ukapita pembeni, mkaidi.

Alijua peke yake hawezi. Akamwambia Mama asiogope, anakuja sasa hivi. Mama akamwambia aende tu, asikimbie akajikwaa, yeye anafunga kifungo.

Ooko alikuwa nyuma ya kibanda cha barafu ya kuhifadhia samaki, amechuchumaa, mgongo ukutani.

"Afande, rudi. Amefunga vifungo."

"Vyote?"

"Ni kimoja tu alichofungua, Afande. Cha shingoni. Na amekifunga."

"Umehakikisha wewe mwenyewe?"

Nekoye alimweleza petroli inakoelekea, na kwamba mlango unahitaji mikono miwili yenye nguvu, na kwamba Mama amekaa mle ndani kwa utulivu kwa sababu anaamini mkwe wake atakuja. Hilo la mwisho hakuambiwa na mtu. Alilitunga njiani.

Ooko alitazama chini. Akafungua koti lake la kazi, akalivua, akajifunga nalo kichwani mpaka likamfunika macho na pua na kila kitu. Akanyoosha mkono hewani.

"Nishike," alisema kutoka ndani ya koti. "Nipeleke."

Kabla ya hapo Nekoye hakuwahi kumpenda mkubwa wake, na baada ya hapo hakumpenda sana. Lakini alikumbuka siku zote jinsi mkono ule ulivyomng'ang'ania, na jinsi miguu ilivyokataa kusimama.

Alimwongoza kama anayeongoza ng'ombe mpya kwenye josho. Alipofika mlangoni Ooko aliomba mtaimbo wa chuma. Nekoye akakataa, akaogopa cheche. Akaokota kasia la Frankline, mti mgumu wa mvule, akaliingiza kwenye ufa wa mlango na kumwekea Ooko mikono juu yake.

Kazi ikaanza, na maongezi yake yalikuwa ya ajabu, maana mkwe na mama mkwe, ambao walitenganishwa na kioo tu, hawakuweza kuambiana neno moja kwa moja.

"Mwambie mkwe wangu aanzie chini, kwenye bawaba," alisema Mama Achola.

"Mwambie Mama ajisogeze upande wa pili," alisema koti.

"Mwambie nimeshajisogeza zamani."

"Mwambie ninashukuru."

"Nyinyi wawili vuteni," alisema Nekoye, "mtashukuriana kesho."

Kasia likapinda. Chuma kikalia. Mlango ukaachia wote kwa mara moja, na Mama Achola, ambaye alikuwa ameuegemea mwishoni ili asaidie, akatoka pamoja nao. Ooko hakuona kitu. Alisikia uzito unamjia, akafungua mikono, akadaka.

Wakaganda hivyo. Mkwe amembeba mama mkwe kifuani, mchana kweupe, mbele ya ufuo mzima uliokuwa ukichungulia kutoka kwenye migomba.

Mwenye sufuria akaishusha sufuria mpaka kidevuni.

"Nekoye," alisema Mama Achola polepole, akitazama juu mawinguni, "mwambie mkwe wangu aniweke chini."

Ooko akainama haraka.

"Lakini si hapa," aliongeza. "Hapa kuna petroli. Mwambie aniweke kule kwenye kibanda."

Basi akambeba mpaka kwenye kibanda cha barafu, Nekoye akimshika kiwiko, akamweka kwenye kigoda kama mtu anayeweka mayai. Kisha akageuka upande mwingine kabla ya kuvua koti.

Hapo watu wakaanza kurudi mmoja mmoja, wakiangalia kwanza kama vifungo vimefungwa. Mwanamke mmoja muuza omena, wale dagaa wa ziwani, alifika wa kwanza, akafungua leso yake kiunoni na kumfunika Mama Achola mabega. Frankline alikuja na beseni lile lile alilotaka kukingia petroli, sasa limejaa mchanga. Akamwaga juu ya mchirizi, akaenda akarudi na jingine. Wenzake wakamfuata. Punde kulikuwa na kilima cha mchanga kati ya magari mawili, na tone la mwisho lilimezwa bila moto.

Ungedhani hapo Nekoye alipumzika. Hakupata nafasi.

Sajenti Wakhungu wa trafiki aliwasili kwa pikipiki kutoka mjini, mtu mpole na mnene, aliyeandika taratibu. Na kwa vile hatari ilikuwa imepita, Inspekta Ooko alikuwa amerudiwa na cheo chake chote. Koti lilikuwa mwilini, kofia kichwani. Alianza kumweleza Wakhungu cha kuandika.

Konstebo Nekoye alisimamisha gari ghafla bila ishara. Kwa sababu ya mbuzi. Gari linyooshwe bampa, tangi lizibwe, lirudi barabarani wiki hii. Konstebo apewe kazi nyingine isiyo na magurudumu.

Nekoye alipiga magoti, akamwonyesha Wakhungu bolti mbili zilivyozama ndani ya tangi. Alimwomba aandike kuhusu kulabu. Hakuwa akiulilia usukani wake tu. Likiandikwa kosa la mbuzi, kulabu itabaki pale pale, na siku nyingine kwenye kiti kile kutakuwa na mtoto wa mtu asiye na vifungo vya kutishia watu.

Wakhungu alitazama, akaguna. Alisema kulabu ameiona, lakini swali la kwanza ni nani aliyekosea. Yupo shahidi?

"Alikuwepo mama mkwe wangu peke yake," alisema Ooko, "na mzee mwenyewe amefunguliwa bandeji za macho juzi tu. Hakuona kitu. Na hata angeona," hapa alitabasamu kidogo, "unajua mila zetu. Hawezi kunisema."

Wakhungu aliijua mila hiyo, hata kwao Waluhya ipo. Akatikisa kichwa kwa huzuni, akashusha kalamu.

"Nekoye," aliita Mama Achola kutoka kwenye kigoda. "Nigeuze, mgongo wangu umwelekee mkwe wangu. Sitaki kumkosea heshima."

Nekoye akamgeuza.

"Sajenti, huyo asemavyo ni kweli. Mimi mkwe wangu siwezi kumsema. Hata sijamtazama leo. Lakini nilimwona dereva."

"Dereva yupi, Mama?"

"Wa gari lililotugonga. Huyo simjui ni nani." Alisema hivyo kwa uso mkavu kama omena. "Nilikuwa natazama nyuma kwa kioo, maana macho mapya yana ulafi, yanataka kila kitu. Sisi tulikuwa tumesimama. Taa zetu za nyuma zilikuwa zinawaka nyekundu, niliona mwanga wake kwenye mchanga. Dereva huyo alikuwa na simu sikioni. Anacheka peke yake, kichwa kimeinama upande, kama kijana anayeposa. Hakutazama barabara mpaka alipotuona puani mwake."

Ooko akakohoa. Alisema kwa sauti ya masikitiko kwamba wazee hawa, baada ya upasuaji, huona vitu ambavyo havipo.

"Jina lako ni Wakhungu," alisema Mama Achola kwa sajenti, aliyekuwa amesimama mbali kiasi cha urefu wa chumba. "Liko kifuani pako. Na kifungo chako cha pili kimeshonwa kwa uzi mwekundu. Aliyekishona ni mtu mwema. Hakuwa na uzi wa buluu lakini hakukuacha utoke wazi."

Wakhungu alikitazama kifungo chake. Uso wake ukalegea.

"Ni binti yangu," alisema. Akainua kalamu, akaandika, na safari hii aliandika haraka.

"Ongeza na hili," alisema Mama Achola. "Kuna mtu alikuja kunitoa, amejifunika koti kichwani. Huyo naye simjui. Lakini alikuwa ameshakimbia, akarudi. Mungu amkumbuke kwa kule kurudi."

Inspekta Ooko aliinamisha kichwa. Akachora mchanga kwa kiatu. Kisha akamwambia Wakhungu aandike kama Mama alivyosema, yote. Akamgeukia Nekoye, akasema bila kumtazama kwamba kulabu ikatwe leo, na funguo za gari abaki nazo yeye Nekoye.

Nekoye alikaa chini mchangani. Muuza omena akampa maji. Yalikuwa na ladha ya samaki, na hajawahi kunywa maji matamu kama yale.

Hadithi ingekuwa tamu ingeishia hapo. Lakini fundi Gichuki akafika.

Gichuki ni yule fundi wa kuchomelea mwenye karakana ukingoni mwa mtaa wa Nyalenda, ambaye wateja wake wa Kijaluo humtania kwamba hata chai anaichomelea. Ndiye aliyeiweka kulabu, na ndiye aliyepigiwa simu kuja kuitoa. Alilala chini ya gari, akatoka na uso uliobadilika rangi. Hakujitetea sana. Alisema Afande alimharakisha, boti ilikuwa inahitajika siku ile ile, na yeye alikusudia kuzikata bolti baadaye. Alimpa Mama Achola pole, akashika kofia kwa mikono miwili.

Kisha akauliza swali lililomtoa Nekoye mchangani.

"Na ile nyingine nitaikatia wapi?"

"Nyingine gani?"

"Afande alileta magari mawili. Kulabu mbili. Bolti zote nilinunua ndefu."

Nekoye aligeuka kumtazama mkubwa wake. Gari la pili la kituo lilikuwa limeondoka asubuhi kwenda Luanda Kotieno kupanda feri ya Mbita. Alilisikia likiwaka kabla hajanywa chai. Na kila mtu anajua magari yanavyopangwa kwenye feri ile, pua kwenye mkia, na mara nyingi linalowekwa nyuma kabisa ni lori la samaki ambalo breki zake ni maombi.

Alimpigia dereva wa gari lile. Simu ikaita mpaka ikachoka.

"Afande," alisema, "kuna abiria ndani ya lile gari?"

Ooko alitazama ziwa. Alitazama viatu vyake. Nundu kwenye paji lake ilionekana kuongezeka.

"Afande, nani yuko kwenye kiti cha nyuma?"

Jibu lilitoka dogo sana, hata Gichuki alilazimika kusogea.

"Mama mkwe wangu."

Vichwa vyote vya ufuo wa Alaru viligeuka kwa pamoja kuelekea kibanda cha barafu, ambako Mama Achola alikuwa ameketi na leso ya kuazimwa mabegani, anakunywa uji.

Aliweka kikombe chini. Akainuka mwenyewe, akakigeuza kigoda mwenyewe, akaketi tena. Na kwa mara ya kwanza tangu siku ambayo ng'ombe wa mahari waliingia bomani kwake, alimtazama Ooko machoni, kwa yale macho mapya.

"Mkwe wangu," alimwambia moja kwa moja, "mama mkwe wako si ni mimi?"

Simu ikaanza kulia mfukoni mwa koti la Inspekta Ooko, ile ile aliyokuwa akiichekea barabarani.

Mama Achola akanyoosha mkono apewe.